Namba Ndogo Kwanza: Kuchagua Nguvu ya Darubini kwa Nyanda za Kitengela na Kajiado

Mtu akiingia dukani Nairobi kununua darubini, swali lake la kwanza huwa ni moja: hii inavuta mara ngapi? Muuzaji analijua swali hilo, kwa hiyo zile zenye namba kubwa ameshaziweka mbele: 20, 30, nyingine zimeandikwa hata 100. Mteja anaondoka na furaha yake. Siku ya kwanza anaposimama juu ya mto Mbagathi jioni, akimtafuta simba kwenye nyasi za upande wa pili, anakuta kioo kina ukungu unaotetemeka na kivuli ambacho kinaweza kuwa simba, kichaka au ndama wa jirani.

Naandika kwa ajili ya mfugaji wa Kitengela, skauti wa jamii wa Mbirikani, mwongoza watalii wa Amboseli, mwalimu anayesimamia klabu ya wanyamapori shuleni, na yeyote mwingine anayetaka kuona vizuri kilicho mbali bila kukisogelea. Ushauri wangu nautoa mapema ili unipime nao: ukiona darubini yenye nguvu inayobadilika, soma namba ndogo kwanza. Namba kubwa ni ya kutembelea mara moja moja. Namba ndogo ndiyo utakayoishi nayo.

Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu jambo hili hutoka nchi za wawindaji, na yanazungumzia darubini zinazofungwa juu ya bunduki: 3-9x40, 4-12x50, na kadhalika. Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imelikaza katazo hilo kwa adhabu nzito. Skauti wengi wa jamii katika Kajiado hawabebi bunduki kabisa. Kwa hiyo kwetu darubini ni chombo cha macho tu: kuhesabu nyumbu, kujua fisi ameingia bonde gani, kutambua kama yule ndovu ni wa kundi lililozoea watu au mgeni. Lakini hesabu ya vioo haibadiliki kwa sababu ya sheria, na mengi waliyojifunza wawindaji kuhusu nguvu inayobadilika yanatufaa, mengine kwa kinyume chake.

Tuanze na maandishi yaliyo juu ya darubini. Ukiona 8x42, ya kwanza ni nguvu ya kukuza na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mnyama aliye mita 400 ataonekana kwa nguvu ya 8 kana kwamba yuko mita 50 kutoka kwako. Kwa nguvu ya 10 ataonekana kama yuko mita 40. Tofauti ni mita 10 tu, na watu wengi hulipa zaidi na kupoteza mengi kwa ajili ya mita hizo 10. Ikiwa maandishi ni 10-30x60, maana yake ni kwamba kuna kishikizo au pete ya kuzungusha nguvu kutoka 10 hadi 30, na lenzi ya mbele ni milimita 60. Hii ndiyo inayoitwa ya zumu, na ndiyo inayowavutia wanunuzi kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama umepata darubini tatu kwa bei ya moja.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Kwa 8x42 unapata milimita 5 na ushee. Hicho ndicho kipenyo cha duara la mwanga linalotoka kwenye kioo cha nyuma na kuingia kwenye mboni ya jicho lako. Mchana wa jua kali mboni hubana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hata darubini ndogo inakutosheleza. Giza likikaribia, mboni ya kijana hufunguka milimita 6 au 7, ya mzee kidogo chini ya hapo. Darubini ndogo ya mfukoni, 10x25, inatoa duara la milimita 2 na nusu. Ile ya zumu, 10-30x60, inatoa milimita 6 ikiwa kwenye 10, lakini ukiizungusha hadi 30 inatoa milimita 2 tu. Yaani saa ile hasa unapoihitaji sana, ile 30 uliyoilipia imefungwa.

Na saa hiyo kwetu ni fupi. Karibu Kajiado yote iko ndani ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na hapa jua halizami kwa kubembeleza kama kule Ulaya ambako maandishi mengi ya darubini huandikwa. Likigusa vilima, una kama nusu saa, kisha usiku. Ni nusu saa hiyo ng'ombe wanarudi boma, mbuzi wanahesabiwa, na simba aliyelala mchana kutwa kwenye korongo anainuka kujinyoosha. Mfugaji anayetaka kujua kama kuna hatari kati ya kundi lake na boma anahitaji mwanga kwenye kioo kuliko anavyohitaji ukubwa. Ndiyo maana kwa mtu wa mifugo nasisitiza 8x42, au hata 7x50 akiipata ya bei nzuri na asijali uzito wake. Duara lake la milimita 7 linaingiza mwanga wote ambao jicho la kijana linaweza kupokea.

Nyanda zetu zina adui mwingine wa namba kubwa ambaye wauzaji hawamtaji, naye ni mazigazi. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi ya nyanda za Athi na Kaputiei inakuwa imepata joto, hasa pale nyasi zilipoliwa na udongo mweusi kubaki wazi. Hewa iliyo juu ya ardhi hiyo inapanda kwa mafungu, moto na baridi vikichanganyika, na kila fungu linapinda mwanga kidogo. Kwa macho matupu unaona mstari wa upeo unacheza. Kwa nguvu ya 8 unamwona kongoni miguu yake ikiyeyuka lakini bado ni kongoni. Kwa nguvu ya 30 unaona uji wa kahawia. Kuongeza nguvu hapo kunakuza mtetemo pamoja na mnyama, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuutenganisha mtetemo na mnyama, kwa sababu kasoro iko hewani, haiko kwenye kioo. Mtu aliyenunua darubini ghali akaona picha mbaya saa saba mchana asiilaumu darubini.

Kali zaidi ni Magadi, chini katika Bonde la Ufa, ambako magadi meupe yanarudisha joto juu na heroe wa mbali wanaonekana wakielea. Sakafu ya ziwa kavu la Amboseli nayo inajulikana kwa kuonyesha maji yasiyokuwepo. Katika sehemu hizo, kuanzia asubuhi hadi karibu saa kumi alasiri, nguvu yoyote iliyo juu ya 20 haina kazi kwa umbali wa zaidi ya kama nusu kilomita. Dawa ziko chache na zote ni za akili. Panda juu: juu ya kichuguu, juu ya mwamba, juu ya paa la gari, maana hewa mbaya kuliko yote ni ile iliyo chini ya urefu wa mtu. Tazama kupitia juu ya nyasi badala ya juu ya udongo mtupu. Ukiwa garini, zima injini, na usitazame kupitia juu ya boneti, kwa sababu joto lake pekee linaharibu picha, ukiacha mtikisiko. Subiri wingu lifunike jua kwa dakika kumi. Au rudi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, ambapo mahali palepale patakuonyesha hata pembe za swala wa mbali.

Mkono nao una mpaka wake. Kila mkono hutetemeka, na darubini inakuza mtetemo huo kwa namba ileile inayomkuza mnyama. Nguvu ya 8 karibu kila mtu huituliza. Ya 10 wengi huimudu, wakiwa hawajatoka kukimbia wala kuteremka kwenye pikipiki baada ya kilomita ishirini za mawe. Ukipita 12, bila kitu cha kuegemeza unapoteza zaidi ya unachopata: herufi unazoweza kuzisoma kwa 8 zikiwa zimetulia huwezi kuzisoma kwa 16 zikiwa zinaruka. Wafugaji wa Kimaasai wana msaada mikononi tayari. Ile fimbo ndefu, ukiisimamisha mbele yako, ukashika ncha yake ya juu kwa mkono mmoja na kuilaza darubini juu ya ngumi hiyo, inatuliza picha kwa kiasi cha kushangaza. Aliyekaa chini aegemeze viwiko juu ya magoti. Nguzo ya uzio pia hufaa, mradi upepo hauitikisi.

Kuna jambo la upana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo darubini za zumu zinapowaangusha watu wa Kitengela zaidi ya popote. Darubini nzuri ya 8x42 huonyesha kama mita 130 za upana kwa umbali wa kilomita moja. Ya 10x42 huonyesha kati ya mita 100 na 115. Ungetarajia ya zumu ikiwekwa kwenye 10 ionyeshe upana huohuo. Haionyeshi. Nyingi huishia chini ya mita 70, kwa sababu vioo vinavyosogea ndani ili kubadilisha nguvu vinabana uwanja wa kuonekana, na vinabana zaidi kwenye namba ndogo. Ni sawa na kutazama mbugani kupitia tundu la ukuta wa mabati. Simba akihama hatua chache, umempoteza, na kumpata tena kunachukua muda ambao huna.

Kitengela kuna kazi zinazotaka upana. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina uzio upande wa kusini. Wanyama huvuka mto na kutawanyika kwenye mashamba ya watu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio, wasichimbe mawe wala kulima, na njia za wanyama zibaki wazi. Tangu hapo mji umekua, ploti zimekuwa mitaa, na nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki wachache sana. Anayehesabu kundi lililobaki anahitaji kuliona lote ndani ya kioo kimoja, aone lina watoto wangapi na linaelekea pengo gani la uzio. Anayetafuta pundamilia aliyenaswa kwenye waya anahitaji kupitisha macho juu ya kilomita mbili za nguzo kwa haraka. Zote hizi ni kazi za 8, na darubini ya zumu inazifanya vibaya hata ikiwa kwenye namba yake ndogo.

Tatizo la zumu kwenye darubini ya macho mawili haliishii kwenye upana. Ndani yake kuna mitambo miwili, mmoja kila upande, iliyounganishwa ili izunguke sawasawa. Ikiachana kidogo tu, jicho la kulia linaona mnyama mkubwa kuliko jicho la kushoto. Ubongo utajitahidi kuzipatanisha picha hizo, na malipo yake ni kichwa kuuma baada ya robo saa. Ikiwa mpya na ya kampuni makini, inaweza kuwa sawa. Ikipata vumbi la barabara ya Isinya kwa msimu mmoja na kuanguka mara mbili kutoka kwenye kiti cha Probox, siiamini tena. Kwa hiyo kwa darubini ya macho mawili ushauri wangu hauna kona: nunua yenye nguvu moja isiyobadilika, 8x42 kwa wengi, 10x42 kwa mwenye mkono mtulivu anayefanya kazi sehemu wazi sana kama zile nyanda za Kaputiei na Amboseli.

Darubini ya jicho moja ni habari nyingine. Yenyewe haina mwenzake wa kulingana naye, na ndiyo sababu nguvu inayobadilika hufanya kazi vizuri ndani yake, iwe ni ile ya bunduki au ile kubwa inayokaa kwenye tripodi. Hii ya tripodi ndiyo zumu inayofaa kwa Kajiado, na kuna kazi ambazo bila hiyo hazifanyiki.

Chukua kazi ya kuwatambua simba mmoja mmoja. Mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba kwa mpangilio wa madoa kwenye mizizi ya masharubu yake, na Judith Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa Hifadhi ya Nairobi yenyewe, hawa ambao wajukuu wao leo huvuka hadi Kitengela. Lion Guardians, walioanza kazi mwaka 2007 upande wa Amboseli, huwaajiri morani kuwafuatilia simba ambao kila mmoja ana jina na rekodi zake. Kwa ndovu wa Amboseli, wanaofuatiliwa tangu Cynthia Moss alipoanzisha utafiti wake mwaka 1972, alama ni mikato na matundu ya masikio. Doa la sharubu ukiwa mita 150 hulioni kwa nguvu ya 8. Kwa 30, ukiwa na tripodi imara na asubuhi tulivu, unalihesabu na kulichora daftarini.

Mnunuzi wa chombo hiki atakutana na aina mbili kuu: 15-45x60 na 20-60x80. Fanya ile hesabu ya kugawanya. Ya kwanza inatoa duara la milimita 4 kwenye namba ndogo na milimita 1.3 kwenye kubwa. Ya pili inatoa kiasi kilekile, 4 na 1.3, lakini ni nzito zaidi, ghali zaidi na inataka tripodi nzito. Kuna ya tatu, ya bei rahisi, 20-60x60, ambayo huwavutia wengi kwa sababu inafika 60 kwa bei ya ile ndogo. Hiyo iache. Inaanza na duara la milimita 3 na kuishia na milimita 1, giza tupu hata saa kumi na moja jioni. Kati ya hizo tatu, kwa skauti anayetembea kwa miguu au kupanda bodaboda, nachagua 15-45x60 bila kusita. Kikundi chenye gari, au kituo cha kudumu juu ya kilima, kinaweza kunufaika na 20-60x80. Katika zote mbili, kazi kubwa itafanyika kati ya namba ndogo na 30. Ule upande wa juu utautumia alfajiri, upepo ukiwa umelala, kuthibitisha jambo ambalo umeshaliona kwa nguvu ndogo: kola ya redio shingoni, jeraha la mkuki, waya wa mtego mguuni.

Namna ya kuitumia ni daima kuanza chini. Weka kwenye namba ndogo kabisa, mtafute mnyama, mweke katikati ya kioo, rekebisha ukali, ndipo uzungushe polepole kwenda juu, ukisimama pale picha inapoacha kukupa jambo jipya. Anayeanza na 45 atazungusha shingo akitafuta, na mtalii au mwanafunzi aliye nyuma yake ataona mawingu na nyasi zikipita.

Ikiwa kikundi chenu kimepata fedha za vifaa, msinunue zumu tano za bei ndogo ili kila mtu awe na yake. Nunueni mbili au tatu za 8x42 zilizo nzuri na moja ya jicho moja yenye tripodi. Darubini ya 8x42 inayofaa kazi inaweza kupatikana kwa bei ya mbuzi wawili watatu, na ikitunzwa itadumu miaka mingi.

Darubini za bunduki nilizitaja mwanzoni, nami nitazigusa kwa ufupi, kwa sababu wapo wasomaji wenye kazi ng'ambo ya Namanga, nchini Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, na wapo madaktari wa wanyama. Kanuni ya namba ndogo huko ni ya kuokoa maisha. Kwa nyati kwenye kichaka kizito, wenye uzoefu hubeba 1-4, 1-6 au 1.5-6, na hutembea ikiwa kwenye namba ya chini kabisa. Nyati akitoka mita 15 mbele yako na kioo kiko kwenye 9, utakachokiona ni manyoya meusi yaliyojaa kioo kizima, hujui ni bega au paja. Ile 3-9x40 inayosifiwa kila mahali ni ya nyanda wazi, na hata huko ukae nayo kwenye 3 au 4 hadi pale utakapohitaji zaidi. Daktari anayerusha sindano ya usingizi, kama wale wa kitengo cha tiba cha Amboseli, hufanya kazi kwa umbali wa makumi machache ya mita, na nguvu kubwa ingemwonyesha ngozi tu bila kumwonyesha mnyama anageukia wapi.

Na kuna onyo moja ambalo halina mjadala. Darubini iliyo juu ya bunduki isitumike kamwe kuangalia ni nini kile kinachosogea. Unapotazama kwa hiyo, mtutu unatazama papo hapo. Katika nchi ya malisho, kinachosogea kichakani mara nyingi ni mtoto anayechunga mbuzi. Kutambua ni kazi ya darubini ya shingoni, kila siku, kwa kila mwenye silaha.

Umbali ndio jambo ninalolithamini zaidi katika chombo hiki, na historia ya karibu hapa kwetu inaeleza kwa nini. Juni 2012 simba 6 waliuawa Ilmasin, Kitengela, baada ya kuvamia mifugo usiku. Mwishoni mwa Machi 2016 simba dume aliyeitwa Mohawk alizungukwa na umati Isinya, mtu mmoja akajeruhiwa, na simba akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Mei 2023 Loonkito, dume mzee wa miaka 19, aliuawa kwa mkuki karibu na Amboseli, na wengine wakauawa wiki hiyohiyo. Darubini haimrudishii mtu mbuzi wake aliyeliwa, na sitasema kwamba ingezuia yote hayo. Lakini ukiwa na 8x42 unamwona simba aliye mita 320 kama aliye mita 40: unajua ni dume au jike, amejeruhiwa au la, ana watoto, anaelekea wapi. Mtu mwenye habari hizo hana haja ya kusogea na simu mkononi kupiga picha. Anaweza kuwapigia askari na kuwaeleza kitu cha maana, na anaweza kuwaambia majirani waondoe ng'ombe upande upi. Kijana wa Kitengela, Richard Turere, alipowatazama simba kwa makini aligundua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea, akatengeneza taa zake za kuwakimbiza zilizojulikana duniani kote mwaka 2013. Kutazama vizuri kulimpa wazo hilo.

Basi turudi dukani, maana huko ndiko udanganyifu uliko. Namba zilizoandikwa kwenye darubini za bei rahisi mara nyingi ni za uongo, na una njia ya kuzipima ukiwa na rula ya mwanafunzi. Ishike darubini mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye ukuta mweupe au anga lenye mwanga, kamwe isiwe kwenye jua. Kwenye vioo vya nyuma utaona viduara viwili vya mwanga. Pima kipenyo cha kimoja, kisha upime upana wa lenzi ya mbele. Gawanya. Ikiwa imeandikwa 30x60, lenzi ya mbele kweli ni milimita 60, na kiduara ni milimita 6, basi mkononi una darubini ya nguvu ya 10, na anayekuuzia amekuongezea 20 kwa wino. Tazama pia umbo la viduara hivyo. Vikiwa duara kamili, prizimu za ndani ni nzuri. Vikiwa na kingo zilizokatwa kama pembe nne, mwanga unapotea ndani. Lenzi za mbele zinazong'aa wekundu kama kioo cha taa ya breki ziache dukani: zinarudisha nje sehemu ya mwanga ambayo ungeihitaji jioni.

Kisha muombe muuzaji utoke nayo mlangoni. Tafuta nguzo ya umeme au mstari mrefu uliosimama. Itazame, halafu iondoe darubini taratibu machoni mwako, sentimita chache, huku ukiendelea kutazama nguzo. Nguzo ikigawanyika mbili, vioo haviko sambamba na hutaivumilia kwa siku nzima. Ikiwa ni ya zumu, chagua bango lenye maandishi upande wa pili wa barabara, rekebisha ukali kwenye namba ndogo, kisha zungusha hadi namba kubwa bila kugusa kitu kingine. Maandishi yakipotea ukali, au yakihama upande, mtambo wa ndani haukutengenezwa vizuri. Anayevaa miwani ajaribu akiwa na miwani yake, akiwa ameshusha vikombe vya mpira vya macho. Aulize nafasi ya jicho kutoka kwenye kioo, akitafuta milimita 15 au zaidi, la sivyo ataona duara dogo katikati lililozungukwa na giza. Muuzaji akikataa usitoke nayo mlangoni, duka lingine lipo.

Kama unataka kushika za aina mbalimbali kabla ya kutoa fedha, nenda kwenye matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Jumba la Makumbusho Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Watu wanaotazama ndege hutumia vioo kila wiki, wanajua kila aina inavyozeeka, na kwa kawaida hawakatai mtu akiomba kutazama kidogo kwa darubini yao. Utagundua jambo moja haraka: wengi wao, hata wenye uwezo, wana 8 au 10 zisizobadilika.

Vumbi ndilo litakaloiua darubini yako kabla ya jambo lingine lolote. Udongo wetu una chembe ngumu. Ukiufuta kwa shuka au fulana, unaichora lenzi mikwaruzo ambayo haitoki. Puliza kwanza, kwa kipulizio cha mpira kama unacho, kisha piga brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Darubini iliyozibwa isiingize maji inastahili bei yake, hata mahali pakavu kama hapa, kwa sababu kisichoingiza maji hakiingizi vumbi, na asubuhi za Julai ukiipandisha vilima vya Ngong haitashika ukungu kwa ndani. Zumu za macho mawili mara nyingi hazizibwi vizuri, maana sehemu zake husogea zikivuta hewa, na hewa huja na kilichomo.

La mwisho ni la vikundi vinavyotumia darubini moja kwa zamu. Macho ya kila mtu hutofautiana kushoto na kulia, na pete ndogo ya diopta kwenye jicho moja, mara nyingi la kulia, ipo kwa ajili hiyo. Funika upande wa kulia kwa kiganja, weka ukali kwa gurudumu la katikati ukitumia jicho la kushoto, kisha funika wa kushoto na uzungushe pete hadi la kulia lione vilevile. Kila skauti aweke nukta yake ya rangi ya kucha kwenye pete hiyo, rangi tofauti kwa kila mmoja. Zamu ikibadilika saa kumi na mbili jioni, anayepokea atazungusha pete hadi kwenye nukta yake, na hatapoteza dakika za mwanga akirekebisha kioo cha mwenzake.